'Nani kati yenu ni mwoga?': Mama wa njia panda anayewachagulia wageni mlima

Saa moja na nusu asubuhi, taa ya dirisha la tiketi kwenye njia panda ya bonde la Sernia, kaskazini mwa Italia, imeshawaka, lakini pazia bado limeshuka. Bruna Dalpiaz hayuko ndani. Amesimama nyuma ya kibanda, koti limefungwa hadi kidevuni, anautazama moshi wa kiwanda cha mbao ng'ambo ya mto.

Moshi unapanda wima mpaka usawa wa paa, kisha unakunjwa kuelekea kusini kama mtu aliyesukumwa begani. Bruna anaguna.

"Juu kunavuma," anasema. "Cimalta leo watafungua nusu, tena wakijitahidi."

Anaingia ndani, anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, kisha anapiga simu tatu, moja kwa kila mlima wa bonde wanakoteleza watu juu ya theluji. Swali ni lilelile: theluji ikoje? Habari ya lifti zipi za kupandisha watu mlimani zimefunguliwa haimshughulishi, kwa kuwa hiyo hata mgeni anaiona kwenye simu yake akiwa bado kitandani. Yeye anataka jibu la mtu aliyeikanyaga theluji asubuhi hiyohiyo.

Simu ya mwisho ni ya Laresa. Anayepokea ni Tarcisio, kaka yake, mwendesha lifti ya viti ya kijiji walikozaliwa.

"Kaka, theluji ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri ya kweli au nzuri ya kwetu?"

Upande wa pili unasikika mtu akicheka puani. "Ya kweli, Bruna. Trekta limepita mapema, imetandikwa kama kitanda cha bibi harusi. Walete."

Ndipo pazia linapopanda.

Foleni imeshajipanga. Wa kwanza ni familia kutoka Modena: baba mwenye kofia mpya ambayo bado ina stika ya dukani, mama, na watoto wawili wanaopigana kwa fimbo za kutelezea. Wana kadi ya pamoja, ile inayofungua mageti ya milima yote mitatu ya bonde, Cimalta, Pianora na Laresa. Na kama walivyo wageni wote wenye kadi hiyo, wamelipia milima mitatu ila miguu yao inatosha mmoja.

"Habari za asubuhi, mama," anasema baba. "Tunakutegemea wewe. Twende upi leo?"

Bruna anaweka kikombe chini. Anawapitishia macho mmoja mmoja, kutoka kofia hadi viatu.

"Nani kati yenu ni mwoga?" anauliza.

Baba anawatazama watoto. Watoto wanamtazama mama. Mama anatazama paa la kibanda, midomo ameibana asicheke.

"Ni mimi," anasema baba hatimaye, na foleni nzima inaangua kicheko.

"Haya, hapo tumeanza kuongea. Mkeo anateleza vizuri?"

"Huyu? Kazaliwa na skii miguuni."

"Na chakula mmebeba, au mnakula huko huko?"

"Tunakula huko. Huyu mdogo asiposhiba anatutia aibu."

"Basi nisikilize, baba. Cimalta usiende, utaning'inia kwenye kibanda cha kamba upepo unakubembeza, na wewe umeshasema mwenyewe mbele ya watu. Nendeni Pianora sasa hivi, njia pana, jua linapiga. Ikifika saa sita ile theluji itakuwa uji. Msing'ang'anie. Pandeni basi la bure mwende Laresa, mle, halafu mke wako ateleze msituni wewe unamsubiri kwenye keki ya tufaha."

Familia inaondoka imeridhika, baba akiwa ameridhika kuliko wote.

Ndiyo kazi ya Bruna, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, kwa majira ya baridi ishirini na sita sasa. Kwenye karatasi za ajira ameandikwa muuza tiketi. Lakini mashine ya kuuzia kadi ipo hatua chache kutoka dirishani kwake, haina foleni, na watu bado wanajipanga kwake kwenye baridi. Mwandishi wa makala haya amekaa bondeni humu miaka kumi na nne, na hajawahi kuchagua mlima bila kupita dirishani kwa Bruna. Siku moja tu alijifanya mjuzi, akarudi na goti la kufungwa bandeji.

"Watu wanadhani kuchagua mlima ni kuangalia ramani," anasema Bruna. "Ramani inakuonyesha mlima. Haikuonyeshi mkeo akikasirika. Mimi nauliza mwoga ni nani kwa sababu siku nzima itafuata mwendo wake. Ukimpeleka mwoga Cimalta, hutelezi wewe, hatelezi yeye, jioni mnanuniana hotelini. Mwisho wanasema bonde letu baya."

Kuhusu milima yenyewe, ana msemo wake ambao hata madereva wa mabasi wameukariri: Cimalta ni ya kujionyesha, Pianora ni ya kujifunza, Laresa ni ya kushiba. Cimalta iko juu sana na theluji yake hukaa hadi Mei, lakini kikombe cha supu ya shayiri kule ni bei ya sahani nzima ya mahali pengine. Pianora ina jua na shule za watoto. Laresa ina lifti moja ya viti viwili viwili, kuukuu, yenye tabia ya kukuchapa nyuma ya magoti unapokaa, na njia moja ndefu inayopita katikati ya msitu, upepo usikofika.

Lifti hiyo moja ndiyo inayomkosesha Bruna usingizi.

Kadi ya pamoja ina utaratibu wake. Pesa ya kila mgeni huingia kwenye chungu kimoja cha bonde. Kila mara mgeni anapopitisha kadi getini, geti hulia piip na lifti ile hupata alama. Msimu ukiisha, chungu hugawanywa kwa kufuata alama. Mlima unaopitiwa na wageni wengi hula kwa kijiko kikubwa, na mlima unaosahauliwa hulamba mwiko.

Laresa imekuwa ikilamba mwiko miaka kadhaa. Sasa lifti yake imefikia umri ambao sheria inataka ifunguliwe yote hadi nati ya mwisho na kufanyiwa matengenezo makubwa, ama isimamishwe. Gharama inafika euro milioni moja na ushee. Wajumbe wa kampuni tatu za milima watakutana majira ya kuchipua kuamua kama Laresa inastahili pesa hiyo, na kitu cha kwanza watakachotazama ni alama za msimu huu.

"Lifti ikisimama, kijiji kimesimama," anasema Tarcisio, mwanamume mrefu mwenye maneno machache, akiwa ameshika koleo kwenye kituo cha chini. "Mgahawa wa mke wangu uko hapa. Duka liko hapa. Basi la shule linapanda huku kwa sababu ya wageni. Wakiondoa lifti, nani atakuja Laresa? Atakuja kufanya nini?"

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na huku msemo huo hauna utani ndani yake.

Bruna alizaliwa Laresa, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliochimba mashimo ya nguzo za lifti ile. Akiwa mtoto alishuka shuleni kwa skii akiwa na begi mgongoni, na anasema hakuwahi kujua kwamba watu hulipia jambo hilo hadi alipokuwa mkubwa. Aliolewa na Ezio, dereva wa basi, mtu wa Pianora. Mshahara wa Bruna, kama euro elfu moja na mia tatu kwa mwezi kwa miezi mitano ya baridi, hutoka ofisi ya pamoja ambayo mwenye sauti kubwa ni Cimalta. Kiangazi huchuma tufaha na kufanya usafi kwenye nyumba za wageni.

"Kaka yangu Laresa, mume wangu Pianora, mshahara wangu Cimalta," anasema. "Kila asubuhi nikimtuma mtu mahali, kuna mtu wa nyumbani ananuna."

Mwanzoni mwa Januari, aliyenuna alikuja dirishani mwenyewe. Alikuwa wifi yake, Rosalba, mke wa Tarcisio, mwanamke mwenye mikono ya kukoroga sufuria za ugali wa manjano za watu mia na sauti ya kuwaita wote waje kula.

"Wifi," alisema Rosalba, "unakaa njia panda. Bonde zima linapita mbele ya pua yako. Waambie Laresa. Neno moja tu."

"Nawaambia, siku Laresa ikiwa nzuri."

"Na siku ambayo si nzuri?"

"Siku hiyo siwaambii."

"Mcheza kwao hutunzwa, wifi. Wewe unawachezea wenye pesa."

Bruna anakumbuka kwamba alijaribu kueleza. Mgeni akidanganywa mara moja, alimwambia, harudi dirishani, na asiporudi dirishani hata siku Laresa ikiwa nzuri hakuna atakayemwambia. Rosalba hakutaka hesabu hiyo. Keki ya tufaha iliyokuwa ikishuka na basi kila Jumamosi, imefungwa kwa kitambaa, ilikoma kushuka.

Wanakijiji nao hawakukaa kungoja hisani ya dirisha. Katikati ya Januari walibuni mbinu yao, na kiongozi wao akawa Delfina Bonazza, bibi wa miaka themanini na mmoja, mjane, mfumaji wa soksi, mtu ambaye hata padri humwomba ruhusa kabla ya kurefusha mahubiri.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Geti linahesabu wanaopita. Sisi tuna kadi. Basi tupite.

Kila Alhamisi baada ya misa, wazee wa Laresa walijipanga kwenye kituo cha chini wakiwa na mablanketi, chupa za kahawa na soseji kavu mfukoni. Walipita getini, piip, wakakaa wawili wawili, wakapanda hadi juu. Kuteleza wengi wao walishaacha tangu magoti yalipostaafu, kwa hiyo walishuka na viti vilevile, wakazunguka, wakapita tena. Piip. Bibi Delfina alifuma akiwa hewani. Mara moja sindano yake ilianguka kwenye theluji chini ya nguzo ya sita na Tarcisio akalazimika kusimamisha lifti huku wazee wote wakining'inia, kila mmoja akielekeza kwa kidole sindano ilipoangukia, na kila kidole kikielekea upande wake.

"Tulikuwa tunasema kila piip ni kura," anasimulia Bibi Delfina, akicheka hadi machozi. "Mimi siku moja nilipiga kura kumi na tisa. Makalio yaliganda mpaka nikashindwa kukaa misani Jumapili."

Wiki iliyofuata waliongeza Jumanne. Mwokaji mikate akaanza kuja na aproni yake. Waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa shamba walijikuta kiti kimoja, na safari ya kupanda ni ndefu. Hata Rosalba alifunga jiko saa moja zima akapanda.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Bruna alikijua tangu Alhamisi ile ya kwanza.

Watu wa bonde hawanunui kadi ya mgeni. Wana kadi ya mkazi, ambayo halmashauri huilipia kwa jumla, na pesa hiyo hugawanywa sawa kwa sawa kwa milima mitatu bila kuangalia nani kapita wapi. Geti hufunguka. Geti hulia. Alama haiandikwi. Kadi hizo anazitoa Bruna mwenyewe kila Novemba, na utaratibu wake anaujua kama anavyolijua jina lake.

"Nilidhani watachoka," anasema, akizungusha kikombe mezani. "Nikasema, wazee hawa, baridi hii, watapanda mara moja watarudi nyumbani. Halafu wakaongeza Jumanne. Halafu kaka yangu akawa ananipigia simu kuniambia nani kapanda mara ngapi, na sauti yake... Tarcisio hana sauti ya furaha kila siku. Ningewaambia nini? Kila siku niliyonyamaza, kesho yake ikawa ngumu zaidi."

Kwa wiki tano alinyamaza. Mwanamke ambaye humwambia baba wa watu mbele ya foleni kwamba hawezi Cimalta, alishindwa kuwaambia watu wa kwao sentensi moja.

Kisha ikaja Jumapili ya kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima. Usiku wake mvua ilinyesha hadi juu ya Laresa, na alfajiri ikaganda. Cimalta ilifungwa yote kwa upepo. Hizi ndizo siku ambazo Laresa huzingoja mwaka mzima, kwa kuwa wageni wa mlima mkubwa hukosa pa kwenda na msitu huwakinga. Mbele ya dirisha lilisimama basi la chama cha skii kutoka Mantova, watu hamsini, nusu yao watoto. Bruna alipiga simu.

"Kaka, theluji ikoje?"

Kule juu koleo lilisikika likikwaruza.

"Nzuri," alisema Tarcisio.

"Ya kweli au ya kwetu?"

"Bruna, Cimalta wamefungwa. Leo ni siku yetu."

"Nimekuuliza, kaka."

Tarcisio akaligonga koleo chini. "Kioo," alisema mwishowe. "Kioo kitupu, kuanzia juu mpaka kona ya kanisa. Anayejua atapita."

"Na asiyejua?"

"Unajua mwenyewe."

Bruna aliwatuma Mantova kwenda Pianora, ambako jua lilikuwa limeshaanza kulainisha theluji, wakapange foleni na wenzao. Asubuhi yote aliwatuma wengine vivyo hivyo, na waliokataa foleni aliwaambia waende wakatembee kando ya mto. Laresa siku hiyo walikwenda watelezi hodari wachache. Meza za Rosalba zilibaki na sahani zilizopinduliwa.

Saa tisa alasiri Rosalba alishuka bondeni, aproni ikiwa bado kiunoni. Hakupitia mlango wa nyuma wa ndugu. Alipita mbele, akawapita waliokuwa kwenye foleni, akasimama dirishani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa sauti ile ya kuita watu mia. "Wageni hawa, wasikie. Huyu ni mtoto wa Laresa! Baba yake kachimba nguzo zile! Leo sufuria yangu imejaa uyoga na soseji, nitampa nani? Nguruwe?"

"Wifi, kulikuwa kioo. Watoto walikuwa ishirini na zaidi."

"Kioo! Sisi wazee tunapanda na kushuka kwenye baridi mpaka nyonga zinalia, tunatafuta kura moja moja, na wewe kwa simu moja unatupa hamsini mtoni! Bibi Delfina ana miaka themanini na mmoja! Kapata kura kumi na tisa kwa siku!"

"Hazihesabiwi!" alisema Bruna.

Anasema neno lilimtoka kabla hajalishika. Foleni nzima iligeuza shingo, hata wasiojua linahusu nini.

"Nini hazihesabiwi?"

"Kadi ya mkazi haiandiki alama. Geti linalia tu."

"Toka lini?"

"Toka mwanzo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, wifi."

Rosalba alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwapani, akaondoka. Waliokuwepo wanasema ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Alhamisi iliyofuata lifti ya Laresa ilizunguka na viti vitupu. Asubuhi Tarcisio alipopigiwa simu alijibu kwa neno moja, la kweli, na kukata. Ezio, ambaye basi lake hulala Laresa mara mbili kwa wiki, alirudi na habari kwamba hata yeye hakukaribishwa kahawa, na yeye ni mtu wa Pianora asiye na hatia yoyote.

"Hiyo wiki nilikuwa nawatazama wageni usoni, nawauliza swali langu, na moyoni najisikia mwizi," anasema Bruna. Macho yake yanalowa na hayafuti. "Kazi yangu yote ni kusema ukweli wa theluji. Na watu wangu niliwaacha wakae kwenye baridi wiki tano kwa ajili ya kelele ya geti."

Alhamisi ya pili baada ya kanivali, basi la kwanza kutoka Laresa lilimshusha abiria mmoja. Bibi Delfina, kitambaa kichwani, mkoba mkononi. Alijipanga kwenye foleni kama mgeni, nyuma ya vijana wawili wa Kipolandi, na zamu yake ilipofika akaweka noti mezani. Mwandishi alikuwepo, zamu ya tatu nyuma yake.

"Nipe kadi ya mgeni ya siku moja."

"Bibi, wewe una ya mkazi. Ya bure."

"Ya bure haihesabiwi. Nipe inayohesabiwa."

"Ipo ya wazee, ina punguzo."

"Hiyo inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

"Basi hiyo. Sijaja hapa kugawa pesa."

Kadi ilitoka. Bibi aliichukua, akaikagua pande zote mbili, akaiweka mkobani, na hakuondoka.

"Mbona huniulizi?" alisema. "Wageni wote unawauliza."

"Bibi, wewe unajua unakokwenda."

"Mimi ni mgeni leo, nimelipa. Niulize."

Bruna alitazama foleni, akamtazama bibi. "Haya. Nani kati yenu ni mwoga?"

"Wewe, mwanangu," alisema Bibi Delfina.

Hakuna aliyecheka.

"Ungetuambia Alhamisi ile ya kwanza," aliendelea bibi, bila kupandisha sauti, "tungenuna siku mbili. Siku ya tatu tungekuwa hapa dirishani na pesa mkononi. Mgeni humfichi kitu, hata kama kitamuuma. Sisi ukatuonea huruma. Nani alikuomba huruma?"

"Hakuna, bibi."

"Haya. Basi langu saa ngapi?"

"Linaondoka sasa hivi, Ezio analiwasha."

"Na theluji ikoje?"

Bruna alikuwa analia waziwazi. "Nzuri," alisema. "Ya kweli."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kuna mtu wa Laresa kwenye foleni. Mwokaji mikate hununua kadi siku ya mapumziko yake. Padri aliuliza kama kanisa lina punguzo, akaambiwa halina, akanunua. Wanapanda kwa zamu, kila mmoja anavyojaliwa, na mwenye kadi hupanda kutwa nzima ili alama zote za kadi yake zibaki nyumbani. Mlima mwingine hawakanyagi, na mchana hula kwa Rosalba.

Rosalba mwenyewe alikuja wiki jana. Alisema, "Mbili," akaweka pesa, akachukua kadi. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kitambaa cha keki kimebaki kwa Bruna tangu Desemba na anakihitaji. Jumamosi kilipanda na basi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Kimesharudi, na keki ndani.

Je, kadi za wazee zitaiokoa lifti? Bruna hapambi jibu.

"Kwa pesa, hapana. Hata tukinunua sote kila siku hatufiki popote. Lakini wajumbe wakikaa wataangalia mstari wa Laresa, kama unapanda au unashuka. Tangu Machi ianze, unapanda. Na wageni wameanza kuuliza wenyewe, kule ambako mabibi wanafuma hewani ni wapi? Nawaambia. Siku theluji ikiwa nzuri."

Msimu unafungwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Katika majira ishirini na sita, Bruna hajawahi kukosa dirishani siku ya kufunga. Mwaka huu ameomba ruhusa, na mwenzake wa ofisi ya Pianora atamshikia nafasi. Kijiji kizima cha Laresa kitapanda siku hiyo, na Tarcisio ameahidi kuendesha taratibu, sindano zisianguke.

Bruna anafungua droo na kutoa kadi. Kama mfanyakazi anayo yake ya bure, inayofungua kila geti bondeni. Hii ni nyingine. Ni ya mgeni, bei kamili, tarehe ya Jumapili hiyo, na ameinunua dirishani kwake mwenyewe, akajikatia risiti.

Mwandishi anamuuliza kama haogopi. Laresa iko chini, mwisho wa Machi jua limeshakuwa kali, huenda siku hiyo njia nzima ikawa uji na matope. Theluji ya huko wakati huo huwa ikoje?

Bruna anairudisha kadi kwenye droo, anaifunga, na kuanza kushusha pazia.

"Siku hiyo," anasema, "siulizi."